Vitamini E ya kulinda mafuta na marashi: soma jina kabla ya kulipa

Nilimpelekea somo mmoja, mfundaji wa mabibi harusi wa Makorora, Tanga, chupa 24 za mafuta ya mwali. Mwezi wa pili zikanirudia 17. Hakugomba. Alifungua moja, akanisogezea puani, akauliza: "Mwanangu, hii asumini au mafuta ya mihogo ya jana?"

Alikuwa na haki. Mle mlikuwa na alizeti ya Singida, asumini niliyoroweka mwenyewe na matone ya mafuta ya maganda ya machungwa ya Muheza. Vitamini E pia nilitia, tena bila ubahili. Niliiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar, ikaja kwa basi, nikaifuata stendi ya Kange kwa bodaboda saa mbili usiku.

Chupa inavyopendeza na bei ilivyo mtaangalia wenyewe. Mimi naongelea neno moja la kwenye lebo, maana ndilo lililonitia hasara.

Vitamini E mnazouziwa ni mbili. Moja huandikwa Tocopherol, nyingine Tocopheryl Acetate. Wauzaji huziita zote "vitamini E" na kufunga mdomo hapo. Mafuta huchacha oksijeni inapoyavamia, na uharibifu ukianza huambukizana, tone hadi tone, mpaka kitu kiukatize. Tokoferoli huukatiza kwa kutoa hidrojeni iliyo kwenye ncha yake moja. Kwenye asetati, ncha hiyohiyo imezibwa kiwandani ili vitamini yenyewe isiharibike ikiwa rafuni. Ukijipaka, vimeng'enya vya ngozi huifungua polepole. Ndani ya chupa vimeng'enya havimo. Asetati itakaa humo nzima kabisa, na mafuta yako yatachacha mbele ya macho yake.

Nilipomsumbua muuzaji siku nne ndipo akanitumia karatasi ya bidhaa. Namba ya utambulisho wa kemikali (CAS): 7695-91-2. Hiyo ni asetati. Iandikeni kwenye simu, pamoja na 58-95-7, ambayo ni asetati pia. Hata macho yanasaidia: asetati ni ya njano hafifu, inapitisha mwanga, tokoferoli mchanganyiko ina kahawia yenye wekundu, kama asali iliyokaa.

Sikuridhika na karatasi. Nilichukua vichupa vitatu vya alizeti ileile, nikaviweka dirishani upande wa jua: kimoja kitupu, kimoja na asetati, kimoja na tokoferoli. Wiki ya tano kile kitupu na kile cha asetati vilinuka sawasawa, ile harufu ya karanga za mwaka jana. Cha tatu kilikuwa bado alizeti.

Kwa hiyo, nikizipanga kinga za mafuta ninazozijua, namba moja yangu ni tokoferoli mchanganyiko, na sifichi kwamba nina upendeleo: nanunua Covi-ox T-50 ya BASF, Wajerumani. Hiyo 50 ina maana kwamba angalau nusu yake ni tokoferoli. Nzuri ya mchanganyiko ni kwamba ina aina za tokoferoli ziitwazo gama na delta, ambazo ndani ya mafuta hufanya kazi kuliko aina ya alfa peke yake. Gramu 2 hadi 5 kwa kilo ya mafuta zinatosha. Msijaze mkono, maana ikizidi sana inaweza hata kuharakisha kuchacha. Itieni siku mafuta yanapoingia nyumbani. Yakishachacha hakuna cha kuyarudisha. Halafu acheni kupashia kwenye sufuria ya shaba ya bibi, shaba inachochea uharibifu.

Kasoro yake ni rangi. Kwenye marashi ya kupulizia kanzu nyeupe siitii. Hapo namba mbili inachukua nafasi: Tinogard TT, kinga ya kiwandani, unga mweupe usioacha rangi wala harufu. Jina lake la lebo ni refu kama treni, linaanzia na Pentaerythrityl. Molekuli yake ina uzito unaozidi mara tano wa BHT, kinga nyingine ya kiwandani nitakayoifikia chini, na dude kubwa namna hiyo hupenya ngozi kwa shida. Kwa mafuta ya machungwa naona ni lazima kuwe na kinga, maana karibu yote ni limonini, na limonini ikishapigwa na hewa huleta mzio wa ngozi. Wanaolalamika kwamba "marashi yananiwasha" si wote wana ngozi ya kudeka.

Rozmari nimeiweka ya tatu kwa shingo upande. Dondoo lake lina asidi ya kanosiki na linafanya kazi kweli, ila linanukia dawa, linaua asumini. Na hapa tena kuna ujanja: mnauziwa mafuta ya mvuke ya rozmari kwa jina la dondoo. Asidi ile haipandi na mvuke. Mnanunua harufu tu.

BHT ni ya nne. Ni rahisi, ina nguvu, na marashi mengi ya dukani yanayo. Ulaya mwaka 2022 waliiwekea kikomo cha asilimia 0.8 kwenye vipodozi vingi, baada ya shaka kwamba inagusa homoni. Sikuzuii, lakini mwali ni wa kupakwa mwili mzima siku saba. Dada yake BHA simgusi kabisa. Shirika la utafiti wa saratani la IARC limemweka kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Vidonge vya vitamini E vya famasi vya kutoboa kwa sindano: vingi ni asetati. Basi.

Wanaotengeneza mafuta ya nazi matupu, tunzeni hela zenu. Nazi ina asilimia kama 90 ya mafuta mazito, yale yaitwayo yaliyoshiba, haichachi upesi. Na kama mna krimu yenye maji, hakuna hata kimoja hapa kinachoua ukungu. Hiyo ni kazi nyingine.

Sasa hili la "bei njoo inboksi". Mtu anauza malighafi, hataji bei, hataji jina kamili, anapima kutoka dumu kwenda chupa ya plastiki nyeupe isiyo na lebo, kisha akiulizwa karatasi anakuona mkorofi. Mililita 50 nilizilipia elfu kumi na nane. Covi-ox tuliiagiza marafiki watatu kutoka Nairobi, ikapita mpaka wa Horohoro, tukagawana kwenye chupa nyeusi, na kwa kila gramu ikatoka chini ya hiyo.

Yule wa Dar nilimtumia picha ya namba kwenye karatasi yake mwenyewe. Akajibu: "Dada, vitamini E ni vitamini E." Jana nimeona ameipandisha tena ukurasani, chupa ileile nyeupe. Bei inboksi.