Epoksi ya kuzuia unyevu chini ya mbao za msaji: niliyoyaona nyumbani kwa mama, Tudor, Mombasa

Mara ya kwanza tulipobandika mbao chumba cha mbele kwa mama, hazikumaliza masika moja. Ziliwekwa Januari, kaskazi inavuma, sakafu kavu mpaka inatoa vumbi. Ilipofika Mei zilikuwa zimeumuka kama mahamri: kingo zimeinuka, katikati pamezama, na karibu na mlango ubao mmoja uling'oka na gundi yake yote, chini yake simiti nyeusi, mbichi kama imemwagwa jana. Fundi nilipompigia alisema mbao ndizo mbovu. Mbao hazikuwa na kosa lolote. Zilikunywa maji kutoka chini.

Basi haya ni yangu kuhusu epoksi ya kuzuia unyevu, ile ya makopo mawili, A na B, unayochanganya na kuipaka kwenye simiti kabla ya gundi. Kwetu ina mwaka na nusu sasa na imepita masika mawili. Dawa yenyewe naipa nne kwa tano. Maelezo yaliyobandikwa kwenye kopo nayapa mbili, maana aliyeyaandika hajalala Mombasa hata usiku mmoja.

Nyumba ya mama ni ya zamani, na chini ya slabu yake hakuna karatasi ya nailoni. Ni matumbawe, mchanga, halafu simiti iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa nta miaka na miaka. Mama alipoona mbao zimeharibika aliniambia, "Mwanangu, simiti yangu nyekundu haijaumuka hata siku moja." Alikuwa na haki. Simiti ina vinyweleo. Unyevu wa ardhini hupanda humo taratibu ukatokea hewani, na wewe huoni kitu. Ukija kuifunika kwa gundi na ubao, ule unyevu hauna pa kutokea. Hujikusanya chini, huku ukibeba magadi ya simiti yanayokula gundi, na upande wa chini wa ubao unavimba kuliko wa juu. Ndiyo ile sura ya mtumbwi. Kwetu na nta nayo ilizidisha, kwa sababu gundi ya fundi wa kwanza ilishika nta, haikushika simiti.

Safari hii nilipima kabla. Kipimo cha bure ni kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, unakibandika tepu pande zote nne na kukiacha saa 16 au zaidi. Nilikiweka mwisho wa Mei. Asubuhi yake kilikuwa kimejaa matone kwa ndani, na simiti chini yake imekoza rangi. Lakini nilirudia Februari na hakikuonyesha kitu! Kwa hiyo nailoni ikikuambia kuna maji, iamini. Ikikuambia hakuna, usiiamini sana, maana inasoma ngozi ya juu tu. Fundi wa pili, kijana wa Kisauni, alitoboa tundu la sentimita nne kwenye slabu yetu ya sentimita kumi, akatia kipima unyevu, akaziba, akakiacha mpaka kesho yake. Kilisoma asilimia 92, hiyohiyo Februari ambayo nailoni ilisema pakavu. Gundi yangu imeandikwa mwisho 75. Hapo ubishi ukaisha.

Kabla ya kununua chochote alinizungusha nje ya nyumba. Mfereji wa paa ulikuwa unamwaga maji yote penye msingi, upande uleule ulioharibika zaidi. Tukaugeuza. Epoksi inazuia unyevu unaopanda wenyewe. Maji yanayosukuma, kama ya bomba lililopasuka chini ya sakafu, yataiinua. Ukiwa na bomba linalovuja, peleka pesa zako huko kwanza.

Kazi kubwa si kupaka. Ni kusaga. Ile nta na rangi nyekundu ilibidi iondoke yote kwa grenda yenye jiwe la almasi, siku mbili nzima, na hata baada ya kufyonza vumbi kwa mashine mapazia ya mama yalikuwa mekundu. Jirani alishauri tumwage asidi, tupumzike. Fundi alikataa: asidi inaacha maji na chumvi ndani ya simiti ileile unayotaka kuikausha. Kujua kama pametosha, unadondosha tone la maji. Likikaa juu kama juu ya jani la mgomba, endelea kusaga. Likinywewa, simama.

Sasa lile kopo. Limeandikwa ukishachanganya una dakika 30, na pembeni kwa herufi za mchwa: kwa nyuzi 20. Nyuzi 20 Mombasa utazipata wapi? Tulianza saa nne asubuhi, chumba kina nyuzi 31. Mchanganyiko wa kwanza tuliuacha kwenye ndoo tukisaka rola, na haikupita robo saa ndoo ikawa moto haishikiki, ikatoa moshi, kisha ikaganda na mti wa kukorogea ndani yake. Kopo A na B zikikutana hutoa joto zenyewe, na zikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kwenda. Dawa ni kukoroga kwa drili ya mwendo wa pole, dakika tatu, na papo hapo kuimwaga yote sakafuni kama uji, uisambaze kwa kikwangulio cha mpira na rola. Sakafuni ni nyembamba, inapoa, unapata nafasi. Kesho yake tulianza saa moja, tukachanganya kidogo kidogo, haikutupa taabu. Ila msiende alfajiri sana mkaikuta sakafu ina jasho. Joto la sakafu linatakiwa lizidi angalau kwa nyuzi tatu ile baridi ambayo umande hutunga, la sivyo juu panabaki utelezi wa mafuta na gundi haitashika.

Tulipaka mara mbili, ya pili ikikatisha ya kwanza, kabla saa 24 hazijaisha. Ukizipitisha, inabidi upige msasa kwanza. Kopo langu halikudai mchanga wa kunyunyizia juu. Lako likidai, nunua mchanga mkavu wa dukani, usichote ufukweni ukaniletea chumvi tena.

Muuzaji aliniuzia kilo kumi kwa chumba cha mita nne kwa tano. Alihesabu sakafu laini kama kioo. Simiti iliyosagwa inakunywa, na ukitoa ile ndoo iliyotuungulia tukaishiwa kona ya nyuma ya mlango. Ningenunua tena ningechukua 15. Bei si rafiki: epoksi na kusaga vilifika karibu theluthi ya bei ya mbao zenyewe, na kusaga ndiko kulikozidi.

Mbao ni msaji kutoka Tanga. Zilikaa chumbani wiki mbili zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na tuliacha milimita 12 kuzunguka kuta, zikafichwa na ubao wa ukutani. Msiibane hiyo nafasi. Epoksi haijui habari ya hewa ya juu. Kusi ikivuma na mvua, mama akafungua madirisha yote ya upande wa bahari kama alivyozoea, mbao zinavuta unyevu wa hewani na zile nafasi ndogo kati yake hufunga kabisa. Kaskazi ikirudi zinafunguka tena kiasi cha kuingiza ukucha. Hilo nimelikubali. Ila hakuna ubao ulioinuka kingo, na ukipita miguu mitupu huhisi kitu.

Isipokuwa ile kona ya nyuma ya mlango. Mpako wa pili pale ulipakwa kwa mabaki ya rola, na tangu masika ya mwaka huu mbao mbili ukizigonga kwa kifundo zinalia wazi kama dafu tupu. Mama ameweka mkeka juu yake na kiti. Fundi nimeshamwambia aje kaskazi ikianza, tuzing'oe hizo mbili tuone chini pakoje.