TAHADHARI: Nyumba ya zamani, vigae vimepakwa rangi juzi. Usilipe kabla hujaingia darini

Ukitangaziwa nyumba ya miaka mingi, iwe Tudor au Kizingo za Mombasa, au Upanga kule Dar, na vigae vyake vya paa vinang'aa wekundu kama vimetoka tanurini leo, zuia mkono wako kwanza. Wapo wauzaji wanaoficha paa bovu kwa rangi, na madalali wanajua.

Mchezo unakwenda hivi. Nyufa zinazibwa kwa saruji au silikoni, paa zima linapigwa rangi nyekundu, kisha dari yenye madoa ya maji inaondolewa au kufunikwa kwa jipsam mpya. Nyumba inaingia sokoni Januari au Februari, jua kali. Masika yakishuka, hati imeshabadilishwa jina.

Rangi haiponyi kigae. Kigae cha udongo hunywa maji kidogo, na mwambaoni hunywa pamoja na chumvi ya upepo wa bahari. Chumvi ikikauka hujenga fuwele ndani ya udongo, na upande wa chini huanza kumenyeka magamba na kudondosha unga. Huko chini brashi haifiki. Kwa hiyo kagua kutokea ndani.

Muuzaji akisema tundu la kuingilia darini lilizibwa wakati wa ukarabati, omba likatwe upya, sentimita 60 kwa 60, na ujitolee kulipia kuziba. Akikataa, ondoka.

Ingia saa sita mchana, taa zimezimwa. Mwanga mwembamba kwenye maungio ya vigae si lazima uwe kasoro. Mwanga katikati ya kigae ni ufa au tundu. Kisha washa tochi ufuate mbao. Chomeka bisibisi kwenye mbao iliyolala juu ya ukuta, kwenye ncha za kenchi, na hasa chini ya bonde la paa, pale miteremko miwili inapokutana, maana bati la bonde hutoboka kwa kutu kabla ya vigae kuchoka. Bisibisi ikizama bila nguvu, mbao imeoza. Njia za udongo za mchwa na vitundu vinavyomwaga unga mpya havihitaji maelezo.

Sukuma kigae kimoja juu kwa upole ukitoe. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Kama una mizani, kipime kikiwa kikavu, kiloweke saa 24, upime tena. Cha kilo 2.5 kikivuka kilo 3, kinanyonya kupita kiasi. Tazama pia jina la kiwanda mgongoni. Vigae hivi vilianzia Mangalore, India, ambako Basel Mission, shirika la wamisionari, ilifungua kiwanda mwaka 1865, na baadaye vikaigwa na viwanda vingi. Vipimo vya viwanda hutofautiana kwa milimita chache, na hizo zinatosha kuzuia vigae visishikane. Ukikuta majina matatu kwenye mteremko mmoja, paa hilo limebandikwa viraka, na ndiyo sababu likapakwa rangi moja.

Sasa uzito, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Vigae 15 hivi kwa mita ya mraba, kila kimoja kilo 2.5 hadi 3, ni takriban kilo 40. Bati halifiki hata kilo 5. Paa la mita za mraba 150 linabeba tani 6 likiwa kavu. Kuna nyumba zilizojengwa kwa bati, zikavalishwa vigae ili bei ipande, kenchi zikabaki zilezile. Simama barabarani utazame mstari wa kofia ya paa: ukiona umebonyea katikati, au mteremko una mawimbi, mbao zimezidiwa. Pima na mteremko: weka pima maji ya mita 1 ikiwa sawa, upande wa pili paa lishuke angalau sentimita 47, yaani nyuzi 25. Paa lililolala zaidi ya hapo hurudisha maji chini ya vigae kila mvua ya upepo.

Kama ni kiangazi, tumia mpira wa maji. Anza chini karibu na mifereji, panda polepole, dakika 15 kila sehemu, mwenzako akiwa darini na tochi. Maji yaelekee chini. Ukiyarushia juu yatapenya hata paa lisilo na kasoro. Anayepanda akanyage sehemu ya chini ya kigae, kinapolalia chenzake na mbao, asikanyage katikati.

Fanya haya kabla ya advansi, ambayo Kenya kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na uje na fundi wako mwenyewe, si wa dalali. Mwambie wakili asome kama mkataba una maneno "nyumba inauzwa kama ilivyo". Yakiwepo, kila kigae kibovu ni chako tangu siku ya kutia sahihi, kwa hiyo gharama ya paa ikatwe kwenye bei na iandikwe humo humo.