TAHADHARI: CD za PS4 za mtumba, Kariakoo. Kujaribiwa dukani ndio mtego wenyewe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa hiyo mpangilio mtanisamehe. Nimepigwa. Tena na jamaa yuleyule wa ghorofa ya pili ambaye nusu yetu hapa tulikuwa tunapeana namba yake kama dawa. CD tano za PS4 kwa laki moja na ishirini: FC 24 ya mpira, Red Dead Redemption 2, GTA V, God of War na Spider-Man. Nzima ni moja.

Kabla hamjaanza kunicheka: nilizijaribu. Zote tano, pale pale kaunta, padi ikiwa mikononi mwangu. Hilo ndilo linaloniuma, maana hapo hapo kwenye kujaribu ndipo nilipoibiwa.

Ana PS4 Slim chini ya tivi, mnaijua. Akaifungua FC 24, akaitoa CD, akaifuta kwa kitambaa cha miwani, akaigeuza chini ya tochi ya simu. Inang'aa kama sahani ya harusi. Akaichomeka, sekunde chache tu, picha ya gemu ikakaa mbele, nikabonyeza, ikafunguka. Nikachagua timu, nikacheza kipindi kizima, sauti safi, hakuna kukwama. Akaitoa, akaweka Red Dead. Ikafunguka, nikapanda farasi, nikazunguka kidogo. Akaweka Spider-Man, nikaruka kwenye maghorofa mawili matatu. Hivyo hivyo hadi ya tano. Robo tatu ya saa imeondoka, na yeye anaendelea kusema, "Cheza kaka, jiridhishe, mimi siuzi kitu usichokiona." Nani mwingine Kariakoo anakuachia padi robo tatu ya saa? Wengine wote ni "nunua, isipofanya kazi lete", na ukileta wanakuuliza wewe nani.

Na bei haikuwa ya kushtua. Elfu ishirini na nne kwa CD ni rahisi, lakini si ile ya kukufanya ujiulize kama imeibwa. Maboksi ya bluu yamekamilika, karatasi za mbele ni halisi, alama ya PEGI ya umri wa mchezaji ipo, namba za utambulisho wa gemu, zile za CUSA, ubavuni zinafanana na zilizo kwenye CD. Nilikagua. GTA V ni CUSA-00411, ndani na nje. Kwa hiyo si CD feki. Niseme wazi, maana kuna atakayeandika "ulinunua za kuchoma": PS4 ambayo haijachezewa mfumo haisomi CD ya kuchoma hata kidogo. Hizi ni CD za kiwandani kabisa. Ila zimekufa.

Sasa sikilizeni ujanja wenyewe ulivyo. Gemu ya PS4 haichezwi kutoka kwenye CD. Mara ya kwanza ukiichomeka, mashine inanakili gemu yote kwenda kwenye hifadhi yake ya ndani. Baada ya hapo CD inabaki kama ufunguo tu: kila ukitaka kucheza, mashine inasoma sehemu ndogo kuhakikisha unayo, halafu kila kitu, uwanja, wachezaji, sauti, kinatoka kwenye hifadhi. Yule bwana gemu zote hizo alishaziingiza kwenye Slim yake, kwa CD nzima, sijui mwaka gani. Ukimchomekea CD iliyochakaa robo tatu, mradi ile sehemu ndogo ya ufunguo inasomeka, gemu itafunguka kama mpya. Nilichocheza pale ni hifadhi yake. CD yangu haikuwa imefanya kazi yoyote zaidi ya kusema "nipo".

Nyumbani ndipo zikaanza kufanya kazi ya kweli. FC 24 ilinakiliwa vizuri hadi asilimia 47, ikasimama. Ukiisikiliza mashine unasikia CD inakwenda kasi, inashuka, inakwenda kasi tena, kama mtu anayetafuta kitu gizani, halafu ujumbe kwamba haisomeki. Nikafuta, nikaanza upya: 47. Mara ya tatu: 47. God of War ikawa hivyo hivyo, yenyewe inafia mbele kidogo ya nusu.

Namba hizo zina maana yake. CD ya PS4 ni Blu-ray, na zile za gigabaiti 50 zina tabaka mbili. Tabaka la kwanza husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, la pili kutoka ukingoni kurudi katikati. Kwa hiyo karibu na nusu ya kazi jicho la mashine liko ukingoni kabisa. Gemu ikifia nusu, mara nyingi ukingo ndio mbovu, na ukingo ndio unaokwaruzika kwanza kwa sababu ndiko vidole na meza zinakogusa. Nikaichukua FC 24 dirishani, jua la saa kumi, nikaiinamisha taratibu. Mkwaruzo wa sentimita nne hivi, umejipinda kufuata mzunguko wa CD, umefunikwa na ukungu wa vijistari vidogo vidogo vya duara. Nikaisogeza puani. Inanuka mnanaa.

Dawa ya meno, wakuu. Ameipiga dawa ya meno.

Kwa wasiojua kwa nini hilo ni uuaji: kwenye DVD, mfano CD za PS2, data iko katikati ya unene, milimita 0.6 kutoka upande unaosomwa. Kuna plastiki ya kutosha ya kusugua mkwaruzo hadi uishe. Blu-ray ina milimita 0.1 tu juu ya data, na juu yake kuna ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo. Ukiona mkwaruzo kwenye Blu-ray ujue hiyo ngozi imeshapenywa. Ukisugua, unaondoa kidogo kilichobaki na kuacha ukungu mahali pa mstari. Inang'aa chini ya tochi, na ndiyo maana alitumia tochi ya simu, taa moja kali kutoka juu. Haisomeki tena, wala si rahisi kupata fundi wa kuirudisha.

Red Dead hata haikuhitaji dawa ya meno. Toleo la PS4 la mwaka 2018 ni CD mbili: moja imeandikwa "Data Disc", nyingine "Play Disc". Unaanza na ya data, ikimaliza kunakili unaweka ya kuchezea, zote mbili jumla karibu gigabaiti 100, na ya data unaiweka kabatini. Mimi nimepewa "Play Disc" peke yake. Kwenye Slim yake ilitosha kwa sababu data ilishaingia. Kwenye mashine yangu inaniomba CD ya kwanza, basi. Na usidhani utaishusha hiyo data kwa bando, mtandao unakuletea masasisho tu. Boksi lina sehemu mbili za kukalisha CD na nililifungua mwenyewe! Nikaona sehemu moja tupu nikadhani ndivyo maboksi yalivyo. Hapo sina wa kumlaumu. The Last of Us Part II ya PS4 nayo ni CD mbili, na ile Final Fantasy VII Remake. Hesabuni.

Spider-Man ina ufa wa kama milimita tatu kutoka kwenye tundu la katikati. Unafichwa na meno ya boksi, hauonekani mpaka CD iwe mkononi, na yeye ndiye alikuwa anazitoa na kuzichomeka siku nzima. Hiyo sijaijaribu zaidi ya mara moja na sitaijaribu tena. CD yenye ufa ikizungushwa kwa kasi inaweza kuvunjikia ndani, na hapo unanunua kisomeo kizima.

GTA V ni nzima. Imeingia yote, inacheza. Ndiyo chambo.

Nikampigia. "Kaka, lenzi ya mashine yako imechoka." Lenzi iliyochoka imenakili GTA V yake mwenyewe bila kusita? Nikamuuliza hilo, akasema nitume laki na nusu anifanyie sevisi. Kisha akajitia huruma: nisimwage ugali, atanipa zawadi ya akaunti yenye gemu kumi, FC 25 ikiwemo. Baruapepe na neno la siri kupitia WhatsApp. Nikakubali, ndiyo, cheka. Siku ya tatu kila gemu imewekwa alama ya kufuli. Akaunti moja ya PlayStation inaruhusu PS4 moja tu kuwa mashine kuu. Anayeijua baruapepe ya asili anaweza kuzifuta mashine zote kutoka kwenye tovuti mara moja kila miezi sita, anamuuzia mwingine, wewe unabaki na picha zenye kufuli. Na Sony wakiifunga akaunti ya namna hiyo hakuna wa kumlilia, maana kuuziana akaunti ni kinyume cha masharti yao tangu mwanzo.

Huyu mtu anatakiwa ndani. Sitanii. Hii si "biashara ina changamoto". Kusugua CD mbovu, kuificha ya pili, kuweka mashine iliyoandaliwa ili mteja ajidanganye mwenyewe, huko ni kupanga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ni hadi miaka saba. Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli wa simu. Wale mtakaosema "msamehe, ni kijana anatafuta", na sisi tunaompa hela tunaziokota wapi? Tukiwa watano wenye miamala ya simu tunakwenda polisi Msimbazi pamoja. Mtu mmoja na CD tano watamwambia akamalizane na muuzaji. Aliyepigwa naye anitafute, na msifute meseji zake hata kama zinawatia aibu. Zangu zipo, pamoja na ile ya "jiridhishe".

Mtauliza dalili zilikuwa zipi. Sasa nikiangalia nyuma: hela ilikwenda kwenye namba ya simu yenye jina la mwanamke, si lipa namba ya duka. Risiti "mashine imeisha karatasi". CD hakuniachia kuishika hata moja. Na gemu zote zilifunguka ndani ya sekunde, kitu ambacho kingetosha kabisa kunishtua kama ningetumia akili badala ya vidole. CD ambayo mashine haijawahi kuiona lazima ionyeshe mstari wa kunakili.

Kujaribu kwa kweli ni hivi: mwambie aifute gemu kwenye mashine yake, OPTIONS juu ya picha, futa. Azime Wi-Fi ili usichanganye kunakili na kushusha masasisho. Achomeke CD. Halafu subiri hadi mwisho. Kisomeo cha PS4 kikiwa na nguvu zake zote kinavuta megabaiti 27 kwa sekunde, kwa hiyo gemu ya gigabaiti 45 ni nusu saa kwa hesabu ya karatasi, na dukani ni zaidi. Usidanganyike gemu ikianza mapema: nyingi hukuruhusu kucheza kidogo huku bado inanakiliwa. Ikifika mwisho, imefika. Akikataa kufuta, basi mrudishie CD yake.

CD yenyewe ishike pembeni, iangalie kwa mwanga wa jua la pembeni, si tochi. Mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje mara nyingi mashine inauvumilia. Uliojipinda na mzunguko ndio unaoua, kwa sababu unafuata njia moja kwa muda mrefu. Kagua tundu. Nusa.

Na wa PS5, mnaokimbilia Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 kwa sababu kaiweka bei ya maandazi: CD yake ina megabaiti 70 na ushee tu, kilichobaki chote ni bando lako. Hiyo hata ikiwa nzima, pigeni hesabu ya bando kwanza.

Nyongeza. Jumatatu nilirudi na FC 24. Bila hata kubishana akanibadilishia, akanipa nyingine, nayo imefia 52. Ile ya kwanza kabla ya kuirudisha niliiwekea nukta tatu za kalamu nyekundu upande wa picha, kwenye pete ya plastiki inayozunguka tundu. Jana mchana nimemtuma dogo apite pale kama mteja. Iko shelfu ya kushoto, imeshafutwa vizuri, na bei imeshuka hadi elfu ishirini.