Semina za Alhamisi za idara ya kompyuta: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta hapa Dar es Salaam mwaka juzi, na mpaka leo nikipata nafasi nawahi semina ya idara kila Alhamisi. Inaanza saa kumi na nusu jioni, haina kiingilio, na mlangoni hakuna anayekudai kitambulisho. Mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza chuo hichohicho, naye ameniuliza: "Dada, zile semina zina maana, au watu wanakusanya vyeti tu?" Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa simu, jibu likazidi. Nimeona niliandike lote, maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Chuo sikitaji. Yapo yaliyonikwaza pale, na sitaki mtu asome haya kama mashtaka.

Nianze na semina iliyonifanya niwe mtu wa Alhamisi. Nilikuwa mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Mgeni alikuwa kijana mtafiti wa lugha na kompyuta, mada yake ni namna mashine inavyosoma Kiswahili. Aliandika neno moja ubaoni, hawakunisomea, akatuomba tulikate. Ukumbi mzima ukalikata kama tulivyofundishwa sekondari: ha ya ukanushi, wa ya watenda, ku ya wakati uliopita, ni ya mtendewa, som mzizi, e ya kutendea, a kiishio. Vipande saba, kila kimoja na kazi yake. Kisha akawasha projekta, akatuonyesha programu iliyolishwa zaidi maandishi ya Kiingereza inavyolikata neno hilohilo. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayepasua kuku bila kufuata viungo. Herufi zimegandishwa pamoja kwa sababu tu huandamana mara nyingi katika lugha nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini programu za kutafsiri huchanganya nani kamfanyia nani nini: habari yote hiyo Kiswahili hukibebesha kitenzi, na kitenzi chenyewe kimeshavunjwa kabla hakijasomwa.

Yakaja maswali. Mwalimu anayeongoza semina zile ana desturi yake. Kabla ya mkono wa kwanza kunyanyuka husema, "Uliza kwa lugha unayofikiria." Msichana aliyekaa nyuma yangu, mwaka wa kwanza kama mimi, akasimama: "Mwalimu, na atakula je? Hiyo ku ni ya kitenzi kula, au ni mimi ninayeliwa?" Watu wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Aliandika ubaoni, moja chini ya jingine: atanila, atamla, atakula. Akasimama akilitazama lile la tatu kwa muda. Kisha akasema ni kweli, maandishi ni yaleyale kwa maana mbili, simba anayekwenda kula na simba anayekwenda kukula wewe, na mashine haina pa kushika isipokuwa maneno ya jirani. Anayefaa kuifundisha, akasema, ni yule anayeisikia tofauti hiyo bila hata kufikiri.

Akatueleza habari za Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika ambayo jina lake kwa Kizulu lina maana ya "tujenge pamoja". Mwaka 2021 walitoa MasakhaNER, mkusanyiko wa sentensi za habari katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambamo watu walikaa wakaweka alama kwa mikono kwenye majina ya watu, mahali, mashirika na tarehe. Mimi nilidhani kazi kama hiyo hufanywa na kampuni kubwa za mbali. Wiki iliyofuata wanafunzi saba tulikutana chini ya mwembe nyuma ya maabara, kila mmoja na simu yake, tukaanza kusoma sentensi za Kiswahili kwenye Common Voice ya Mozilla, hazina ya wazi ya sauti za kuifundishia mashine, na kusikiliza za wengine ili kuthibitisha kama zimesomwa sawasawa. Yule msichana wa "ninayeliwa" alilifanyia swali lake mradi wa mwaka wa mwisho.

Nalisema hili kwa uzito: swali lile lisingeulizwa kwa Kiingereza. Dada yule Kiingereza anakijua vizuri sana, ila swali lenyewe lilikuwa sikioni mwake, katika lugha aliyolelewa nayo. Nimeshahudhuria semina za idara nyingine ambako mgeni anamaliza, ukumbi kimya, watu wanatoka. Siamini kwamba hawakuwa na maswali.

Semina ya pili ninayoikumbuka ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Siku hiyo umeme ulikatika kabla hajaanza, jenereta ikagoma, akaomba tusogee madirishani akaendelea kwa mwanga wa jioni. Alitusimulia kompyuta ya kwanza nchini, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jinsi mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulivyoharibika mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Nilikuwa nimesoma miaka mitano somo la kompyuta, sekondari na chuo, na hilo sikuwahi kulisikia. Alikuja na kadi za kutobolewa, zile za safu 80, akazipitisha mkono kwa mkono. Tulizishika kwa uangalifu kama vyeti vya ndoa vya bibi.

Kisha akafika mwaka 2004, wakati wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa lugha kutoka TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pamoja na wenzao wa Sweden, walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Alichokazia yeye ni mabishano ya msamiati: kila amri kwenye menyu ilihitaji neno, na neno likikubaliwa na wanalugha lilibidi lieleweke pia kwa karani aliyekaa mbele ya kompyuta. Mwisho alimwita mwanafunzi mmoja mmoja, anasema neno, wewe unajibu unaliitaje. Kipanya, puku, mausi. Nywila, neno la siri, paswadi. Tuligawanyika vibaya, na giza likatukuta bado tunabishana.

Semina ya tatu faida yake naila mpaka leo kazini. Mhandisi mmoja wa mitandao ya simu alifundisha jinsi zinavyofanya kazi zile huduma za kubonyeza nyota na reli, ambazo ndizo zinazoendesha pesa za simu kwenye simu ya kitochi isiyo na intaneti. Skrini moja haiwezi kuzidi herufi 182, na mtandao haumsubiri mteja milele: akichelewa kujibu, anakatwa anaanza upya. Sasa jaribu kuandika maelekezo ya Kiswahili humo. "Tafadhali ingiza kiasi unachotaka kutuma" imeshakula herufi 40, nafasi zikiwemo, kabla hujasema lolote lingine. Kazi yangu leo ni kuandika menyu za vikundi vya kuweka na kukopa, na kila siku nahesabu herufi.

Matukio ya wanafunzi ni habari nyingine. Kuna maonyesho ya miradi mwisho wa mwaka, ambayo ni mazuri na wazazi hualikwa. Kuna siku ya waajiri, ambayo kwangu ilikuwa foleni, jua na kalamu za bure.

Lililo bora kuliko yote ni shindano la ndani la kuandika programu, linalofuata taratibu za ICPC, shindano la kimataifa la programu la vyuo vikuu: watu watatu, kompyuta moja, saa tano, na kila tatizo ukilitatua unafungiwa puto kwenye meza. Jibu lisilo sahihi linakuongezea dakika 20 za adhabu, zinazohesabiwa pale utakapolipata tatizo hilo. Timu yetu ilikuwa ya wasichana watupu, na hatukuwahi kufanya mazoezi zaidi ya majuma matatu. Tatizo letu la kwanza lilionekana jepesi, programu ikatoa majibu sawa kwa mifano yote, tukaituma ikarudi imekataliwa. Tukatuma tena, ikakataliwa tena. Mwenzetu mmoja akaiacha kompyuta kwa wengine, akaichapisha programu kwenye karatasi, akakaa sakafuni akiisoma mstari kwa mstari kwa kalamu. Baada ya robo saa akanyanyuka: tulikuwa tunazidisha namba mbili ambazo kila moja yaweza kufika 100,000, na tunaiweka hesabu kwenye sanduku lisilobeba zaidi ya 2,147,483,647. Zidisha mwenyewe uone. Tulibadilisha neno moja tu, lile linalotaja ukubwa wa sanduku, na puto jekundu likaja.

Mambo hayo darasani tulifundishwa na mtihani tulifaulu. Lakini mimi nilikuja kuyajua nikiwa nimemtazama rafiki yangu akiwa sakafuni na karatasi. Tulitatua matatizo mawili kati ya kumi, tukashika nafasi ya chini ya katikati, na puto lile lilikaa dirishani bwenini mpaka likaisha upepo lenyewe.

Sasa yaliyoniuma. La kwanza ni mgeni rasmi. Semina kubwa ikipata mdhamini, anakuja mgeni rasmi, naye hatangulii kufika. Tunakaa. Akifika kuna utambulisho wa meza kuu, salamu za mdhamini, hotuba, picha ya pamoja, ndipo mtoa mada anaambiwa afupishe, na maswali yanakuwa mawili. Niliwahi kuhesabu: kati ya saa mbili, mada ilipata dakika 25. Aliyesafiri kutoka mkoani kuja kufundisha alifunga kompyuta yake akiwa bado na nusu ya slaidi.

La pili ni karatasi ya mahudhurio. Tangu semina zilipoanza kuhesabiwa kwenye alama za kozi, ukumbi unajaa na mazungumzo yamepungua. Waliokuja kwa sahihi hukaa nyuma na simu zao, na hata mtoa mada anaona. Najua nia ilikuwa njema, walimu walitaka tujitokeze. Bado naona walioketi ishirini kwa hiari wanatosha.

La tatu ndilo zito zaidi, hakathoni, shindano la kukesha mkibuni programu. Tulikesha saa 24 kwenye wazo la kuwasaidia wauza samaki kupanga oda za barafu. Chakula kilikuwepo, msaada wa walimu ulikuwepo. Lakini fomu tuliyosainishwa mlangoni, kurasa nne za herufi ndogo, ilisema kila wazo litakalowasilishwa ni mali ya mdhamini, hata kama hujashinda. Tuliisoma baadaye. Hatukushinda, na wazo letu hatukuweza kuliendeleza kwa amani. Mdogo wangu, fomu soma kabla ya kusaini, hata foleni ikupigie kelele. Kama hakuna muda wa kuisoma, rudi nyumbani ukalale.

Mengine ni madogo. Ukumbi una soketi nne tu zinazofanya kazi, zote upande wa kulia, kwa hiyo uje na kompyuta iliyochajiwa. Kaa mistari mitatu ya mbele, kipaza sauti hakifiki nyuma. Chai na maandazi hutolewa baada ya maswali, na hapo chini ya ngazi, kikombe mkononi, ndipo utakapompata mgeni kwa utulivu. Mimi nafasi yangu ya mafunzo kwa vitendo niliipata hapo, kwa kumuuliza yule mhandisi kuhusu zile herufi 182. Ukimkuta mama anayepika chai, msalimie, anajua ratiba kuliko ubao wa matangazo.

Mwezi uliopita niliiandikia idara barua ya ukurasa mmoja kuhusu hotuba na mahudhurio. Yule mwalimu wa "uliza kwa lugha unayofikiria" alinipigia mwenyewe. Suala la alama liko kwa kamati, alisema, lakini muhula huu wakija wageni rasmi hotuba zitawekwa mwishoni, baada ya maswali. Semina ya kwanza ni Alhamisi ya pili baada ya usajili, na mada ni utambuzi wa sauti za Kiswahili cha mikoani. Nimeshaomba ruhusa kazini.