Joka la moto au farasi wa pembe moja: yupi angewezekana?

Kwa umbo, farasi wa pembe moja yuko mbele sana. Mwaka 1933, Marekani, mwanabiolojia Franklin Dove alichukua ndama wa siku moja, akahamishia vichipukizi vyake viwili vya pembe katikati ya paji la uso. Vikaungana, na fahali akakua na pembe moja. Joka lina kasoro ya msingi: miguu minne na mabawa mawili ni viungo sita, na hakuna jamii ya wanyama wenye uti wa mgongo yenye mpangilio huo. Liondolee miguu ya mbele, hapo tutazungumza.

Kuruka si hoja. Quetzalcoatlus, reptilia wa kale, mabawa yake yalitanda takribani mita 10.

Moto ndio mgumu. Yupo mbawakawa anayechanganya kemikali tumboni na kumrushia adui majimaji ya karibu nyuzi 100 za Selsiasi; yanaunguza, ila hayawaki.

Anayetaka kiumbe wa kufugika zizini, pembe moja itamtosha. Mtunzi wa hadithi aliye radhi na joka la miguu miwili, litemalo mvuke tu, bayolojia haitamsumbua sana.