Uzoefu wangu na Club Car DS ya petroli: kikigoma kuwaka, anza na betri na ethi

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ninachokizungumzia ni kigari cha gofu cha zamani, Club Car DS chenye injini ya Kawasaki FE290, silinda moja, ile iliyoanza kufungwa kwenye vigari hivi mwaka 1992. Injini ni ngumu, na fremu ni ya alumini, kwa hiyo hailiwi na kutu hata kigari kikilala hatua chache kutoka baharini. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya umeme, ingawa hapo lawama nyingi ni za uzee na chumvi kuliko za kiwanda.

Fundi aliyezoea magari ya kawaida hukwama mapema kwa sababu humu hakuna stata peke yake na oltaneta peke yake. Ni mashine moja inayozungushwa kwa mkanda pembeni ya injini. Ukikanyaga pedali inakula moto wa betri na kuzungusha injini. Injini ikishashika, mkanda uleule unaizungusha mashine, nayo inarudisha chaji. Ukiachia pedali, injini inazimika kabisa. Hakuna kuiacha ingurume huku unapiga soga. Kwa hiyo kila ukisimama na kuondoka umepiga stata upya. Kigari kinachogawa mashuka vyumbani, mita hamsini simama, mita thelathini simama, kinatoa chaji kuliko kinavyopokea, na betri itakufa hata kama kila kifaa ni kizima. Kwa kazi ya namna hiyo dawa ni chaja ya ukutani ya ampea 5 hadi 10, usiku mmoja kila wiki. Watu hununua regyuleta (kidhibiti cha chaji) mpya kwa tatizo hili, kisha wanashangaa betri imelala tena.

Tuseme basi umekanyaga na hakuna kitu. Chukua multimita, hata ya bei rahisi, upime betri ikiwa imepumzika. Volti 12.6 ni imejaa, 12.4 ni takriban robo tatu, na ikiwa 12.0 au chini usiendelee na kipimo kingine mpaka uichaji. Betri iliyotoka kwenye chaja inadanganya, kwa hiyo iwashie taa dakika chache kwanza. Kisha chomoa waya wa plagi, uushikize kwenye ethi (chuma cha injini au fremu kinachorudisha umeme kwenye betri) ili injini isiwake, mwambie mwenzako akanyage pedali, wewe ukitazama mita kwenye nguzo za betri. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati stata inazungusha, betri imechoka, hata kama asubuhi ilisoma 12.6.

Betri ikiwa nzima, sasa sikiliza. Je, solenoidi, ile swichi ya umeme inayopeleka moto wa betri kwenye stata, inapiga tik?

Isipopiga, tatizo liko kwenye njia ndogo ya umeme: fyuzi, switchi ya ufunguo, kiswitchi kidogo kinachobonyezwa na pedali, au koili ya solenoidi yenyewe. Solenoidi ina nguzo nne, mbili nene na mbili nyembamba. Weka mita kwenye zile nyembamba na ukanyage pedali. Ukipata volti sawa na za betri na bado hakuna tik, koili imekufa. Usipopata kitu, rudi nyuma hatua kwa hatua. Angalia pia ethi ya ile nguzo nyembamba ya pili, maana moto unaweza kufika vizuri ukakosa pa kutokea. Kiswitchi cha pedali ndicho kinachonisumbua zaidi kuliko vyote, kwa sababu kiko chini kwenye vumbi na maji ya kuoshea. Dalili yake ni kukanyaga mara tatu ndipo kishike.

Ikipiga tik lakini injini haizunguki, hamia nguzo nene. Kabla ya kukanyaga, mita ikiwa katikati ya nguzo hizo mbili inatakiwa isome volti ya betri. Ukikanyaga, ishuke karibu na sifuri. Ikibaki na volti moja, mbili au zaidi, sahani za ndani zimeungua. Na hapa niwaonye wanaonunua: solenoidi za vigari vya umeme, za volti 36 na 48, zinafanana na hii kama mapacha. Duka moja liliniuzia ya 48 kwa kiapo kwamba ni ya 12. Betri ya volti 12 haina nguvu ya kuivuta, kwa hiyo haipigi hata tik. Soma maandishi kwenye ubavu wake kabla ya kulipa. Wala usifunge solenoidi ya stata ya gari la kawaida: ile imeundwa kwa sekunde chache tu, hii inabaki imeshika muda wote mguu uko kwenye pedali. Ile ya gari itapata moto mpaka iungue.

Kwa vigari vya pwani, hata hivyo, mimi naanza na ethi kabla ya solenoidi. Alumini haipati kutu nyekundu, inatoa unga mweupe. Fungua bolti inayoshika kebo hasi kwenye fremu na utauona umejaa chini ya kichwa cha kebo, wakati kwa juu kila kitu kinang'aa. Kwangua pande zote mbili kwa msasa mpaka chuma king'ae, rudisha ukiweka kipete kipya cha bolti (washa), kaza, kisha paka grisi juu. Kagua na kebo yenyewe: minya mpira karibu na kichwa, ukisikia changarawe ndani, shaba imeshageuka unga wa kijani na kebo hiyo ni ya kutupa. Kuhakikisha, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (usiweke kwenye klampu) na ncha ya pili kwenye terminali (kiungio cha waya) iliyoandikwa A2 kwenye stata, yaani ile mashine ya mkanda, ndiyo inayokwenda ethi. Kanyaga. Ikizidi nusu volti, nguvu yako inaliwa njiani. Ukisikia stata inazunguka kivivu hata na betri mpya, hapa ndipo pa kutazama, na kwenye mkanda pia: ukilegea unapiga kelele na kuteleza. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukiingia zaidi ya sentimita moja hivi, kaza.

Chaji sasa. Usiipime kigari kikiwa kimesimama kwenye gia. Tumia kifungo cha nyutro cha matengenezo kilicho kwenye mtambo wa gia, au inua magurudumu ya nyuma juu ya stendi imara na uweke kabari mbele. Injini ikiwa kwenye mwendo wa juu, betri isome kati ya 13.8 na 14.8. Ikibaki palepale 12 na kitu, kaza mkanda kwanza, kisha angalia waya mwembamba unaokwenda terminali ya DF kwenye mashine, ambako regyuleta inadhibiti chaji; huo hukatika karibu na kichwa chake kwa mtikisiko.

Kutenganisha regyuleta na mashine kuna jaribio moja ninaloliamini. Chomoa waya wa DF, unganisha terminali hiyo ya DF kwenye ethi kwa waya mfupi, washa, panda mwendo huku ukitazama mita. Volti ikipanda, mashine ni nzima na regyuleta ndiyo mbovu. Isipopanda, ubovu uko kwenye mashine. Fanya kwa sekunde chache tu, kwa sababu hapo hakuna kinachozuia volti kupanda mpaka ichemshe betri.

Mashine ikiwa mbovu, usikimbilie kununua nzima. Mara nyingi ni kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha au zimeganda kwenye vishikizo vyake. Toa kifuniko cha nyuma, safisha komyuteta, ule mduara wa shaba unaoguswa na kaboni, kwa msasa laini, piga vumbi nje, funga kaboni mpya. Kabla ya kurudisha, ukiwa umetoa nyaya zote, pima omu (upinzani) kati ya terminali zake: A1 kwa A2 karibu na sifuri, F1 kwa F2 karibu na sifuri, DF kwa F1 omu chache. Terminali yoyote ikiwasiliana na bodi ya mashine, koili imechubuka, na hapo kweli tafuta nyingine.

Kama stata inazungusha kwa nguvu na injini haishiki, achana na umeme wa betri: toa plagi uone cheche, kisha angalia petroli iliyolala miezi kwenye kabureta. Pampu ya mafuta haina waya wowote, inavutwa na pumzi ya injini kupitia mpira mdogo. Ukipasuka mpira huo, petroli haipandi hata ukizungusha mchana kutwa.

Vipuri ninavyoshauri kuwa navyo kabatini: mkanda, kaboni, kiswitchi cha pedali na solenoidi ya volti 12. Regyuleta subiri mpaka jaribio la DF likwambie.