Miezi tisa na boksi la vitambaa: jinsi ninavyobuni mifarishi ya viraka

Boksi la kwanza la huduma inayonitumia vitambaa kila mwezi lilinikuta Januari hapa Louisville, Kentucky, theluji imejaa mpaka mlangoni. Lilikuwa dogo, kama boksi la viatu vya mtoto. Ndani mlikuwa na vipande 8 vya pamba, kila kimoja robo ya yadi iliyokatwa kwa upana, yaani inchi 18 kwa 22. Pamoja navyo uzi wa kijivu na karatasi ya muundo wa mwezi. Ninalipa dola 38, usafirishaji umo. Usiku ule nilivitandaza kitandani, nikawa navisogezasogeza mpaka saa sita.

Cherehani sikujifunzia hapa. Mama yangu alikuwa fundi Lushoto, akishona sare za shule, na mabaki ya sare yakawa mito na mifuko ya nyumba nzima. Ila mfarishi wa viraka, huu Wamarekani wanaouita kwilti, nilifundishwa na bibi mmoja jirani yangu. Juu vinakaa viraka vilivyounganishwa, katikati tabaka la pamba, chini bitana, halafu mshono unapita tabaka zote tatu ili pamba isitembee. Nikaupenda hasa.

Niseme msimamo wangu mapema kwa anayetaka kujiunga na huduma ya namna hii. Vitambaa vinavyokuja ni vizuri sana, pamba imeshikana, haifumuki nyuzi ukiikata. Karatasi ya muundo haijanisaidia hata mara moja. Na boksi lenyewe linaanza kuwa na maana siku unapoacha kulishona mwezi uleule lilipofika.

Kisa cha karatasi ni hiki. Picha inaonyesha mfarishi mkubwa wa nyota umetandikwa kitandani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba utahitaji pia yadi 2 na nusu za kitambaa cha kuzunguka nyota, na bitana, na pamba ya katikati. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ndani ya boksi. Kitambaa kizuri cha viraka madukani hapa ni kama dola 12 au 13 kwa yadi, basi piga hesabu. Mtu mgeni anafungua boksi akiamini mfarishi umo humo, kumbe umo nusu tu. Hili lilinikera, na bado linanikera, kwa sababu wangeweza kuliandika juu, kwa herufi za kawaida.

Hesabu ya kweli nimeifanya mwenyewe. Kipande cha inchi 18 kwa 22 kinatoa viraka 12 vya inchi 5. Vipande 8 vinatoa 96. Ukishashona, kila upande unaliwa robo inchi na mshono, kwa hiyo kiraka kinabaki inchi 4 na nusu. Viraka 96 vikipangwa 8 kwa 12 vinaleta inchi 36 kwa 54, mfarishi wa mtoto mchanga. Ukitaka wa mtu mzima kujifunika kwenye kochi, unganisha maboksi mawili: viraka 192, 12 kwa 16, inchi 54 kwa 72. Bitana yake ni yadi 3 na nusu, maana kitambaa kina upana wa inchi 42 hivi na lazima uunge vipande viwili. Utepe wa kufungia ukingo unakula nusu yadi nyingine. Ningeandikiwa hayo Januari ningejua nipange fedha vipi.

Mfarishi wangu wa Februari uliharibika, na kosa halikuwa la mkono. Vitambaa vyote 8 vilikuwa vya waridi na zambarau, maua ya ukubwa mmoja, hakuna kilichokoza wala kilichopauka. Nilikata pembetatu, nikashona nyota 12, mishono imekutana vizuri kila kona. Nilipouning'iniza ukutani nyota sikuziona! Bibi jirani akaja, akautazama, akaniambia, "Dada, upige picha isiyo na rangi." Nikapiga kwa simu, nikaigeuza nyeusi na nyeupe. Wote ulikuwa kijivu kimoja, kama maji ya mchele.

Tangu hapo kila boksi likifika jambo la kwanza ni picha ile. Navitenga vitambaa mafungu matatu: vilivyokoza, vya kati, vilivyopauka. Kwa kawaida vya kati ni 5 au 6, kilichopauka 1, wakati mwingine hakuna kabisa. Nadhani wanaochagua wanachagua kinachopendeza kikiwa kimekunjwa ndani ya boksi, na cha kati ndicho kinachopendeza hapo. Lakini mfarishi unaonekana ukiwa mbali, na ukiwa mbali jicho linasoma giza na mwanga kabla halijasoma ua. Kwa hiyo nilinunua yadi 5 za pleni, kitambaa kisicho na maua, rangi ya maziwa, zinakaa kabatini, na ndizo zilizoyaokoa maboksi yote yaliyofuata.

Aprili nikapata wazo ambalo kwangu ndilo lililolipa fedha zote. Boksi la Machi lilikuwa rangi za udongo na nyeusi, la Aprili jekundu na machungwa. Nilikuwa nachora kwenye karatasi ya miraba, nikizungusha safu mbili za viraka pembeni mwa mfarishi wa 16 kwa 12, nikahesabu: 96. Nikahesabu tena. Pindo la viraka viwili linakula boksi moja zima, halibaki wala halipungui. Na neno lenyewe ndilo lilinifungua macho, pindo! Mbona hii ni kanga. Nina pindo, ndani nina uwanja wa inchi 54 kwa 36 unaosubiri mji, ule mchoro wa katikati, na chini ya mji panatakiwa jina.

Boksi la Machi likawa pindo. Uwanja wa ndani nikauweka pleni ya maziwa, na katikati nikabandika korosho kubwa nne zilizokatwa kutoka vitambaa vya Aprili, kwa ile karatasi yenye gundi inayoshika kwa pasi, kisha nikazungushia mshono wa zigizaga. Jina lilinipa kazi ya siku mbili. Safu ya chini ya uwanja ilikuwa na nafasi 12 za viraka. HABA NA HABA ni herufi 10, weka nafasi mbili kati ya maneno, zinakuwa 12. Kila herufi ikapata kiraka chake. Sehemu ya kibaba ilikosa mahali, lakini nani asiyeijua?

Sehemu ya kushona tabaka tatu naipita haraka: piga bandi vizuri, tumia mguu wa cherehani unaovuta kitambaa cha juu na cha chini kwa pamoja, anzia katikati kuelekea nje.

Ila kuhusu wekundu wa Aprili lazima niwaonye wenzangu. Kabla ya kukata nilichovya kona ya kila kitambaa maji ya moto, nikaikandamiza juu ya kitambaa cheupe. Kimoja kilitoa rangi kama hina. Nilikifua mara tatu ndipo kikatulia, na kikasinyaa, nikapoteza viraka viwili ambavyo ilibidi nivitafutie kwingine. Niliwaandikia wenye huduma. Jibu lilikuja baada ya siku 9, la upole, na punguzo la dola 5. Ningependa zaidi wangetuma kipande kingine, au waweke onyo kwenye boksi. Usithubutu kushona nyekundu na pleni nyeupe bila jaribio hilo.

Kiangazi nilisafiri hadi Paducah, hukuhuku Kentucky, kwenye jumba la makumbusho ya kwilti lililofunguliwa 1991. Nilirudi nikiwa na hamu ya kusoma zaidi kuhusu wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, ambao mifarishi yao ilionyeshwa Houston na New York mwaka 2002, na 2006 ikachapwa kwenye stempu za Marekani. Walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani, chochote kilichokuwepo. Mmoja wa mitindo yao wanauita paa la nyumba: unaanza na kipande kimoja katikati, unazungushia ukanda baada ya ukanda. Sasa ndivyo ninavyoshona mabaki ya maboksi, na vipande vyembamba vya ukingo wa kitambaa, vile vyenye vidoti vya rangi, navyo situpi.

Kwa huduma yenyewe naipa nyota 3 na nusu kati ya 5. Boksi halijachelewa hata mwezi mmoja, unaweza kuruka mwezi bila kulipa, na pamba ni ya hali ya juu. Nimewakata nyota kwa uficho wa zile herufi ndogo na kwa kukosa vitambaa vilivyopauka. Ukiwa huna pleni nyumbani wala fedha ya bitana, usijiunge kwanza.

Kanga yangu ilibebwa na binamu Mei, ikafika Lushoto kabla ya baridi ya Juni. Mama akanitumia sauti: "Mwanangu, nimeitandaza mezani kwanza, nikaisoma, ndipo nikajifunika. Lakini kanga huwa doti. Ya pili iko wapi?"

Boksi la Septemba lina buluu 5 na njano 3. Ninatafuta jina la herufi 10.